Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Matibabu na Utafiti wa Saratani ya Jicho la Mtoto

Kwenu:
Waganga Wafawidhi wa hospitali za rufaa zinazotibu saratani ya jicho kwa watoto,
Wakuu wa vitengo vya utafiti wa saratani za watoto,
Wasimamizi wa huduma za afya ya mama na mtoto.

YAH: OMBI LA KUUNGANISHA REKODI, SAMPULI NA TIBA ZA WATOTO WENYE RETINOBLASTOMA

Waheshimiwa,

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka sita ambaye aliondolewa jicho la kushoto akiwa na miaka miwili na miezi minne. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza niliziandika kwa kufuata utaratibu, nikazipeleka mwenyewe katika ofisi tatu tofauti, na kila nakala niliyobaki nayo ina muhuri wa kupokelewa. Ya kwanza sasa imetimiza miezi kumi na minne, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Nilipofuatilia kwa miguu niliambiwa nirudi wiki ijayo, kisha mwezi ujao, kisha nikaambiwa kwamba mhusika amehamishwa. Ndiyo sababu leo naandika hadharani. Sitataja hospitali wala daktari, kwa kuwa madaktari na wauguzi waliomhudumia mwanangu walifanya kazi kwa bidii, wengine hadi usiku, na kwa sababu kosa ninalolilalamikia haliko ndani ya ofisi ya mtu mmoja. Liko katikati, pale ambapo ofisi moja inapaswa kuikabidhi nyingine.

Kwa msomaji asiyeufahamu ugonjwa huu, retinoblastoma ni saratani inayoota kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na karibu watoto wote wanaoipata huwa bado hawajafikisha miaka mitano. Ni ugonjwa adimu, unaompata takribani mtoto 1 kati ya watoto 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa. Tanzania ina vizazi hai zaidi ya milioni 2 kila mwaka, kwa hiyo kwa hesabu hiyo tunapaswa kuwatarajia watoto wapya zaidi ya 100 kila mwaka. Hao ni wengi kwa mama zao, lakini ni wachache mno kwa daktari anayewaona katika hospitali yake peke yake. Akiwapata kumi na tano kwa mwaka, hawamtoshi kujua kama mpangilio wa dawa anaoutumia unaokoa maisha kuliko ule wa mwenzake wa mkoa mwingine. Ugonjwa adimu hausomeki katika jalada la hospitali moja. Kusomeka kwake kunategemea majalada ya wengi kuwekwa mezani pamoja.

Kwamba jambo hili linawezekana si ndoto yangu. Vituo vya tiba 278 katika nchi 153 vilikubaliana kuwahesabu pamoja watoto waliogunduliwa kuwa na retinoblastoma katika mwaka mmoja wa 2017, wakapatikana watoto 4,351, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Katika nchi tajiri nusu ya watoto walikuwa wameshagunduliwa kabla ya kupita miezi 14 ya umri, ilhali katika nchi za kipato cha chini, kundi ambalo Tanzania ilikuwamo mwaka ule, nusu yao waligunduliwa wakiwa wamepita miezi 30. Watoto waliofika hospitali saratani ikiwa imeshatoka nje ya jicho walikuwa 1.5% katika nchi tajiri na 49.1% katika nchi maskini. Walipofuatiliwa kwa miaka mitatu, 99.5% ya watoto wa nchi tajiri walikuwa hai, na wa nchi maskini walikuwa 57.3%. Nimezisoma tarakimu hizi hadi nimezikariri, na kila ninapozisoma namtazama binti yangu, kwa sababu yeye yuko upande wa pili wa hesabu hiyo na amebaki hai.

Mimi ugonjwa niliuona kwenye picha. Ilikuwa sikukuu ya Idi, mtoto ana mwaka mmoja na nusu, amevaa gauni la njano, na mjomba wake akampiga picha kwa simu jioni, taa ya simu ikawaka. Jicho la kulia lilitoka jekundu kama yanavyotoka macho ya watu wengi kwenye picha za usiku. La kushoto likatoka jeupe, kama jicho la paka aliyemulikwa tochi. Tulidhani simu ni mbovu. Baadaye jicho lilipoanza kwenda makengeza nilimpeleka zahanati, na mara mbili nikapewa tyubu ya dawa ya kupaka. Mara ya tatu nilimwonyesha mganga ile picha, naye akaitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaandika rufaa. Kati ya picha ile na upasuaji ilipita miezi kumi.

Baada ya maelezo hayo, naomba niweke mbele yenu mambo yanayonisukuma kuandika.

1. Sampuli ya mgonjwa inasafirishwa na mzazi, na majibu yake hayana mwenyewe.

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilikabidhiwa kikopo cha plastiki chenye kifuniko chekundu kilichozungushiwa plasta. Ndani yake lilikuwamo jicho la mwanangu, limelowekwa katika dawa, na pamoja nacho nikapewa bahasha ya kaki yenye fomu. Niliambiwa mashine ya maabara ya pale haifanyi kazi, hivyo nikipeleke kikopo kile katika hospitali nyingine. Nilimwacha mtoto wodini na dada yangu, nikapanda basi la usiku, na njia nzima nilikipakata kwa mikono miwili nikiogopa kisipinduke wala abiria wa pembeni asiniulize nimebeba nini. Kulipokucha nilikiweka juu ya kaunta ya maabara, karani akakibandika namba, akaniambia majibu ni baada ya siku kumi na nne.

Yalitoka baada ya wiki kumi na moja. Wenzangu wazazi mnapaswa kujua kwa nini hilo ni jambo kubwa. Jicho likishaondolewa, mtaalamu wa patholojia, yule anayechunguza sampuli za mwili kwa hadubini, ndiye anayeweza kusema kama saratani imeishia ndani ya jicho au imeingia kwenye mshipa wa fahamu unaoelekea kwenye ubongo, na hasa kama imefika pale mshipa ulipokatwa. Jibu hilo ndilo linaloamua iwapo mtoto aende nyumbani akiwa anafuatiliwa tu, au aanzishiwe dripu za dawa za saratani mara moja. Kwa wiki zote hizo daktari wetu alikuwa akiniambia ukweli kwamba hajui afanye nini. Na majibu yalipofika, kipimo cha urefu wa mshipa uliokatwa hakikuandikwa, wala hali ya mahali ulipokatwa haikuelezwa, kwa sababu fomu ya hospitali ya kwanza haikuliuliza swali hilo na maabara ya hospitali ya pili ilijibu yale iliyoulizwa. Ikabidi mwanangu apewe mizunguko sita ya dawa kwa tahadhari. Alitapika, alinyonyoka nywele, alilazwa mara mbili kwa homa kwa kuwa kinga ilishuka. Inawezekana dripu zile ndizo zilizomwokoa, na inawezekana hakuzihitaji hata moja. Sitalijua hilo maisha yangu yote, kwa sababu ya mstari mmoja ambao haukuwamo kwenye fomu.

2. Majalada ya mtoto mmoja hayajuani.

Tulipohamishiwa hospitali ya pili kwa ajili ya dawa tulianza moja. Jalada la kwanza lilikuwa la kijani, la pili la bluu, kila moja na namba yake, na muhtasari uliotoka la kwanza kwenda la pili ulikuwa nusu ukurasa. Mwaka mmoja baadaye nilirudi hospitali ya kwanza kwa ajili ya jicho la bandia, karani akalifungua lile la kijani mbele yangu, na kwenye ukurasa wa mwisho nikasoma neno moja lililoandikwa kwa kalamu: "Hakurudi."

Waheshimiwa, mwanangu hakuacha matibabu. Alitibiwa kwa miezi sita mfululizo katika jengo jingine, kwa rufaa iliyoandikwa na daktari yule yule. Lakini mtafiti atakayefungua jalada la kijani atamhesabu miongoni mwa watoto ambao wazazi wao waliwatorosha. Atakayefungua la bluu atamhesabu kama mgonjwa mpya. Kwa hiyo mtoto mmoja amekuwa wawili, mmoja amepona na mwingine hajulikani alipo, na juu ya hesabu za namna hiyo ndipo tunapojenga maelezo ya kwa nini watoto wetu wanakufa. Ninajiuliza ni wazazi wangapi wameandikwa watoro huku wakiwa wamelala chini ya vitanda vya wodi nyingine.

Wanaodhani kwamba majalada ni kazi ya makarani wakumbuke jinsi elimu ya ugonjwa huu ilivyopatikana. Mwaka 1971, huko Houston, Marekani, Alfred Knudson alichukua rekodi za wagonjwa 48 tu wa retinoblastoma, akalinganisha umri wa walioanza kuugua jicho moja na wa walioanza kuugua yote mawili, na kutokana na hesabu hiyo akapendekeza kwamba saratani hii huhitaji hitilafu mbili katika seli, na kwamba mtoto mwenye aina ya kurithi huzaliwa akiwa tayari anayo moja. Hoja hiyo ilibadili jinsi dunia inavyoielewa saratani kwa jumla. Mwaka 1986 jeni yenyewe, RB1, ikapatikana baada ya Thaddeus Dryja, daktari wa macho wa Boston aliyekuwa amekusanya sampuli za wagonjwa wake, kushirikiana na maabara ya Robert Weinberg. Mmoja alikuwa na sampuli, mwingine alikuwa na maabara, wakakutana. Majalada arobaini na nane yaliyotunzwa vizuri yalitosha kuanza. Sisi hatukosi wagonjwa arobaini na wanane.

3. Watafiti wanatujia mmoja mmoja, na hawarudi.

Kwa muda niliokuwa wodini nilihojiwa mara tatu na watu watatu wa taasisi tatu, kila mmoja na fomu yake ya ridhaa. Wote waliuliza niligundua lini, nilipoteza muda wapi, nina watoto wangapi, nauli ilitoka wapi, kama nilikwenda kwa mganga wa kienyeji. Wote walikuwa wapole, na nilijibu kwa moyo mweupe kwa kuwa nilitaka mtoto wa mwenzangu awahi kuliko wangu. Wa tatu hakujua kwamba wa kwanza na wa pili waliwahi kuja. Hakuna aliyerudi kutuambia alichokigundua, kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine yoyote.

Mmoja wao alichukua pia damu ya mtoto na yangu kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba. Hili ndilo linaloniuma hadi leo. Kwa mtoto aliyeugua jicho moja, uwezekano kwamba ugonjwa wake ni wa kurithi ni kama 15%. Kama si wa kurithi, mdogo wake hana haja ya kusumbuliwa. Kama ni wa kurithi, mdogo wake anapaswa kuchunguzwa macho mara kwa mara tangu wiki zake za kwanza, na binti yangu mwenyewe akija kuzaa, kila mtoto wake atakuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi hitilafu hiyo. Mdogo wake alizaliwa miaka miwili iliyopita. Kwa kuwa majibu ya damu ile hayajawahi kunifikia, nimekuwa nikimpeleka kila baada ya miezi mitatu kulazwa usingizi ili achunguzwe, na kila mara namkabidhi kwa muuguzi akiwa na njaa, analia, ananing'ang'ania shingoni. Jibu linaloweza kumpunguzia mtoto huyu mateso hayo huenda lipo kwenye friji au kwenye kompyuta ya mtu ambaye hajui kwamba ninalisubiri.

4. Kila hospitali ina dripu zake.

Dawa zinazotumika zaidi zinajulikana: vinkristini, etoposidi na kaboplatini. Lakini wazazi tuliolala wodi moja, kisha tukaendelea kupigiana simu tulipotawanyika, tuligundua kwamba watoto wenye hatua ya ugonjwa inayofanana walipewa mizunguko tofauti, na mmoja wao alipewa dawa mbili badala ya tatu kwa sababu moja iliisha bohari. Sidai kwamba daktari yeyote alikosea. Ninachosema ni kwamba kama kila mmoja anatibu kwa njia yake na hakuna anayekusanya matokeo ya wote, basi hata miaka ishirini ijayo hatutajua ni ipi iliyo bora kwa mtoto wa huku, mwenye utapiamlo na malaria, anayefika akiwa amechelewa.

Majirani wameonyesha njia. Uganda, kituo cha macho cha Ruharo kule Mbarara, alikofanya kazi Keith Waddell kwa miaka mingi, kilianza mwaka 2009 kuongeza dawa za dripu juu ya upasuaji kwa mpango mmoja, kikaandika habari za kila mtoto na kumfuatilia hadi kijijini, na kikaweza kuonyesha kwa hesabu kwamba waliobaki hai waliongezeka. Kenya, kuanzia mwaka 2008, iliwaketisha pamoja madaktari wa macho, wa saratani na wa patholojia, wauguzi, wazazi na manusura, na mwaka 2014 ukatoka mwongozo wa taifa wa retinoblastoma. Kwa saratani ya figo ya watoto, ile iitwayo uvimbe wa Wilms, hospitali za nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Malawi, Ghana na Kameruni, zilianza mwaka 2014 kutibu kwa mwongozo mmoja na kuwapa wazazi msaada wa nauli na gharama, na watoto walioacha matibabu wakapungua kutoka 23% hadi 12%. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hospitali hizo hazikuwa na utajiri tusiokuwa nao sisi.

5. Kliniki inampima mtoto kila kitu isipokuwa macho.

Kadi ya kliniki ya binti yangu imejaa. Alichanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, akachanjwa surua miezi 9 na tena miezi 18, akapimwa uzito kila mara. Hakuna siku hata moja aliyomulikwa macho, kipimo cha dakika moja ambacho muuguzi anaweza kufundishwa, na vipo vifaa vya mfukoni vinavyochajiwa kwa jua, kama Arclight iliyobuniwa Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland, vilivyotengenezwa kwa ajili ya zahanati kama yetu. Kijitabu cha mama na mtoto cha Kenya kinamwelekeza mhudumu aangalie kama mboni ni nyeupe.

Waheshimiwa, nimeshakutana na majibu ya mdomo kwenye korido, kwa hiyo najua yatakayosemwa.

Mtasema kuna siri ya mgonjwa. Siri hiyo ni yangu na ya mwanangu, nami naithamini, lakini nilitia saini mara tatu kuruhusu habari zetu zitumike. Daftari la pamoja halihitaji jina la mtoto wala namba ya simu ya mama yake. Linahitaji namba moja isiyobadilika, umri, jicho lililougua, hatua ya ugonjwa, dawa alizopewa na hali yake ya sasa. Utafiti ule wa nchi 153 haukumwanika mtoto yeyote. Isitoshe, siri haikuzingatiwa nilipokabidhiwa jicho la mwanangu kulibeba ndani ya basi.

Mtasema hakuna bajeti. Yapo mambo yanayohitaji fedha nyingi, kama mashine za maabara, na hayo siyadai yapatikane kesho. Lakini fomu moja ya patholojia inayofanana kila mahali ni karatasi. Mkutano wa madaktari wa hospitali zote kwa njia ya video mara moja kila wiki mbili, kuwajadili watoto wenye hali ngumu, ni saa moja na bando la intaneti.

Mtasema pia kwamba sisi wazazi ndio tunaochelewa, na tukifika tunakataa jicho lisiondolewe. Hili nitalijibu kwa ukweli wote, kwa sababu lilitokea nyumbani kwangu. Tulipoambiwa kwamba jicho lazima litoke, upande wa baba yake walikataa kwa wiki tatu. Shangazi yake aliuliza mtoto wa kike asiye na jicho ataolewa na nani, na mimi mwenyewe, sifichi, nilikuwa naomba Mungu daktari awe amekosea. Kilichotubadilisha hakikuwa maelezo ya kitaalamu. Muuguzi mmoja alimpigia simu mama wa mtoto aliyewahi kutibiwa pale, naye akaja na mwanawe wa miaka saba, akamwita mbele ya shangazi, akamwambia, "Haya mwambie bibi huyu jicho lako la bandia ni lipi." Shangazi alimtazama mtoto yule usoni, akageuza kichwa chake huku na huku kwa mikono yake, akachagua jicho lisilo sahihi. Kesho yake tulisaini. Muuguzi yule alifanya hivyo kwa vocha yake mwenyewe. Hakuna orodha ya wazazi iliyomsaidia, hakuna utaratibu uliomtaka afanye hivyo, na alipohamishwa idara jambo hilo lilikwisha. Kwa hiyo tunapolaumiwa kwamba tunakataa, naomba kwanza tuulizwe nani aliyetueleza, na kwa njia gani.

Na mtasema kwamba ugonjwa huu ni wa watoto wachache, wakati malaria na nimonia zinaua wengi zaidi. Ni kweli zinaua wengi zaidi. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wa saratani za watoto mwaka 2018, likilenga angalau 60% ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030, lilichagua aina sita za kupimia maendeleo ya kila nchi, na retinoblastoma ni mojawapo, kwa sababu inatibika ikiwahiwa. Itakapofika siku ya kutoa taarifa ya Tanzania, taarifa hiyo itatoka katika daftari lipi?

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na ninayaomba kwenu nyote kwa pamoja kwa kuwa hakuna mmoja wenu anayeweza kuyatekeleza peke yake.

Naomba kwanza mkutane. Wekeni tarehe ndani ya siku 60, madaktari wa macho, wa saratani za watoto, wa patholojia, watafiti na wazazi wasiopungua wawili, na mtangaze tarehe hiyo. Katika mkutano huo mkubaliane juu ya daftari moja la watoto wote wenye retinoblastoma nchini, lenye namba moja kwa kila mtoto hata akihamishwa mara nne, na juu ya fomu moja ya patholojia inayotaja mshipa wa fahamu na mahali ulipokatwa. Mkubaliane pia nani anayesafirisha sampuli, ili mama mwingine asipande basi na kikopo. Mkubaliane mpango mmoja wa dawa kwa kila hatua ya ugonjwa, na pale dawa inapokosekana iandikwe kwamba ilikosekana.

Kwa vitengo vya utafiti, naomba kila kibali cha maadili kitakachotolewa kuanzia sasa kiwe na sharti kwamba mtafiti aonyeshe ameulizia ni nani mwingine anayewahoji wazazi hao hao, na kwamba atarejesha matokeo kwa familia kwa Kiswahili. Majibu ya vinasaba yaliyokwisha kutoka, yawe ya kwetu au ya familia nyingine, yatafutwe na yakabidhiwe kwa daktari wa mtoto. Kwa wasimamizi wa huduma za mama na mtoto, naomba kumulika macho kuingizwe katika mahudhurio ya chanjo ya miezi 9 na 18, tuanze hata kwa mikoa miwili, na takwimu zake ziingie katika daftari lile lile.

Mimi kwa upande wangu nimefanya nililoweza. Nimeomba na kupewa nakala za majalada yote mawili, la kijani na la bluu, na nimezipanga kwa tarehe, tangu kadi ya kliniki hadi dripu ya mwisho. Pale palipoandikwa "Hakurudi" nimebandika nakala ya barua ya rufaa iliyotuhamisha. Zipo ndani ya bahasha nyumbani kwangu, pamoja na ile picha ya Idi. Siku mtakayotangaza mkutano nitazileta mwenyewe, na naomba ziwe za kwanza kuingizwa katika daftari hilo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama wa mtoto aliyetibiwa retinoblastoma,
Tabora.

Nakala: Wazazi wote tuliolala wodi moja.